Kilo Mbili za Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Panzi alikuwa na kazi moja aliyoipenda: kufuta mawe ya mizani ya mama yake pale sokoni. Yalikuwa manne, ya chuma: mawili ya kilo moja moja, la nusu na la robo. Aliyafuta kwa kitambaa kikavu, akayapanga mezani kama watoto mstarini, huku mama yake akifungua gunia la maharage.

"Futa vizuri, vumbi nalo lina uzito," mama alipenda kusema. "Mteja hakuja kununua vumbi."

Sokoni wote walimwita Mama Mizani. Jirani yake, muuza mchele, alikuwa na mawe yaliyotobolewa tumboni ili yawe mepesi, na kila mtu alijua isipokuwa wateja wageni. Mawe ya Mama Mizani yalikuwa mazima, na mwenyewe alijivunia hilo kuliko gauni jipya.

Panzi alipata jina lake kwa kuruka kamba. Pale shuleni wenzake walichoka kuhesabu kabla yeye hajachoka kuruka. Mwalimu wa michezo alikwisha kumwandika kwenye timu ya mashindano na shule ya jirani.

Lakini muhula huu mambo yalibadilika. Maharage yaliadimika, biashara ya mama ikasinyaa, na chakula cha asubuhi kikawa chai tupu. Jioni, sufuria ilipokuwa nyepesi, Panzi aliwasogezea wadogo zake wawili sahani yake akisema ameshiba. Sketi yake ya shule sasa ilisimama kiunoni kwa hisani ya pini. Na mara mbili, akiwa anaruka, uwanja ulimzunguka akajikuta amekaa chini.

"Panzi," mwalimu wa michezo alimwambia, "ukianguka mara ya tatu nakutoa kwenye timu. Sitaki kumpelekea mama yako mtoto kwenye machela."

Shule ilikuwa na dawa ya jambo hilo, nayo ilikuwa uji. Nesi alikuja kila muhula kupima wanafunzi, na waliopungua aliwaandika wapewe uji wa maziwa saa nne. Uji wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye vikombe. Vya maji vilikuwa vyeupe, vya uji vyekundu, na aliyeonekana na chekundu hakupona midomo ya wenzake.

"Simameni, taa nyekundu inapita," walisema, na uwanja mzima ukacheka.

"Mimi taa nyekundu? Bora nilale na njaa," Panzi alimwambia rafiki yake siku moja kabla ya kupimwa.

Rafiki huyo aliitwa Soda. Alikuwa binti wa mwenye duka la dawa, na mapumziko hayakupita bila chupa ya soda mkononi. Naye aliiogopa mizani, ila kwa upande wa pili.

"Nesi alisema nikizidi tena ananipiga marufuku soda," alilalamika. "Ningeweza ningekukatia kilo mbili."

"Nikatie basi. Na ufunge kwenye gazeti."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini zile kilo mbili hazikumtoka Panzi kichwani.

Asubuhi iliyofuata alifuta mawe manne, akapanga mawili. Yale ya kilo moja moja aliyatumbukiza mifukoni, moja kila upande, akalivuta sweta juu yake. Mama alikuwa ameinamia gunia. Njiani mifuko ilivuta, pini ikalalamika, naye akatembea kama bata aliyeshiba.

Nesi aliweka mizani yake katika chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu. Soda alitangulia. Alibana pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Pumua, binti," alisema nesi. "Hewa haina kilo."

Panzi akapanda. Nesi akatazama namba, kisha daftari lake.

"Umeongezeka kilo moja na nusu. Hongera. Nipe mkono."

Akamzungushia utepe wa kupimia juu ya kiwiko. Akautazama utepe, akaitazama mizani, akamtazama Panzi.

"Mizani inasema umenenepa. Mkono unasema umekonda. Hebu niambie, hizo kilo umezihifadhi wapi?"

Pini iliyovumilia tangu asubuhi ilifyatuka. Akaidaka sketi kwa mikono miwili, lakini jiwe moja lilichomoka, likagonga sakafu na kubingirika hadi mlangoni, likasimama mbele ya kandambili alizozijua.

Mama Mizani aliinama, akaliokota, akalifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Nimeacha wateja foleni, nikafuata mawe yangu," alisema polepole. "Jirani akataka kuniazima mawe yake, nikamwambia bora nisiuze. Mawe yangu hayajawahi kusema uongo, mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hapo Panzi akalia. Nesi alimpa kiti, na maneno yote yakatoka: kikombe chekundu, timu, chai tupu, sahani za wadogo zake.

Mama naye akatafuta kiti. "Kumbe ile 'nimeshiba' yako ya kila jioni..." Alimshika mwanawe mkono, palepale ulipozungushwa utepe, akashangaa jinsi vidole vyake vilivyokutana kirahisi. "Yule jirani yangu anawapunja wateja. Wewe umejipunja mwenyewe. Na mimi, mpimaji wa soko zima, sikuona nyumbani kwangu."

"Tumeona sasa," alisema nesi. "Bado mapema."

Mlangoni palisikika mtu akikohoa. Alikuwa mpishi wa shule, ambaye watoto walimwita Mjomba Mwiko, ameshika kikombe cha chai ya nesi. Nyuma yake alijibanza Soda, aliyekataa kumwacha rafiki yake.

"Vile vikombe vyekundu ndivyo vilivyobaki dukani siku ile," alisema Mjomba Mwiko. "Sikujua vina maneno yote hayo."

"Changanya, Mjomba," alisema Soda. "Vyekundu na vyeupe, ndoo moja. Wa maji na wa uji, kila mtu achukue kinachomjia mkononi."

"Na wewe utakuwa unakunywa nini?"

Soda alimtazama nesi, akashusha pumzi. "Maji."

Hata Panzi alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Kesho yake saa nne, Soda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchagua kikombe chekundu. Alikunywa maji kwa kelele katikati ya uwanja. Mvulana mmoja akasema, "Taa nyekundu!"

"Sasa mbona hujasimama?" Soda alimuuliza.

Wiki haikuisha, utani ule ukafa wenyewe, maana nusu ya shule ilikuwa na vikombe vyekundu na hakuna aliyejua nani ana nini. Panzi alikunywa uji wake akilamba midomo. Nyumbani, mama aligawa chakula mwenyewe, na hakuna sahani iliyoruhusiwa kusogea.

Siku ya mashindano Panzi aliruka mpaka mwalimu wa shule ya jirani akapotewa na hesabu baada ya mia mbili. Akaomba aanze upya.

"Haina shida, mwalimu," alisema Panzi, akaruka tena. Alishinda.

Muhula uliofuata nesi alirudi. Kabla ya kupanda mizani, Panzi aliigeuza mifuko yake nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Kilo mbili zaidi," alisoma nesi. "Hizi ni za nani?"

"Zangu, Nesi."

Jioni alimsimulia mama yake pale mezani sokoni. Mama alipima maharage ya mteja wa mwisho, akangoja vitanga vya mizani vitulie.

"Mizani haimtukani mtu, mwanangu," alisema. "Inamwonyesha pale palipopungua, ili pajazwe. Kupungukiwa si aibu. Ila ukificha upungufu wako, hata anayekupenda hatajua pa kukujazia."

Kisha akamrushia kitambaa. Panzi akafuta mawe, akayapanga, dogo hadi kubwa.

"Manne?" mama aliuliza, kama alivyouliza kila siku tangu siku ile.

"Manne, mama."