Mashine Tatu Zilipokuwa Tano

Stima ilikuwa imepotea Mukuyuni tangu asubuhi, na siku yenyewe ilikuwa ya soko. Duka pekee lenye sola ya nguvu lilikuwa la Abdifatah, muuza viatu na chaja, naye alikuwa amepanga simu za watu kwenye kaunta kama miche ya sabuni. Kavindu aliingia akiwa amekumbatia kompyuta yake kifuani. Alivaa gauni la rangi ya haradali lililomfika chini ya magoti na raba nyeupe zilizokwisha kupata vumbi jekundu. Nywele alikuwa amezisuka mistari sita ya kwenda nyuma. Alitafuta tundu la umeme kwa macho, akalikosa.

"Abdifatah, nisaidie. Nina mkutano saa nane na hii kitu imebaki asilimia nne."

"Dada, zimejaa zote. Labda umngoje huyu amalize."

Aliyetajwa alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, kompyuta magotini. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vilionyesha ametoka mbali. Hakungoja kuombwa. Alichomoa waya wake, akachomeka wa Kavindu, kisha akainuka akampisha kreti.

"Na yako je?"

"Ina thelathini. Mbele ya nne, mimi ni tajiri."

Kavindu aliketi. Alipofungua kompyuta, yule kijana alitupa jicho akatabasamu.

"Ngetha," akasoma. "Kumbe wewe ndiye Kavindu?"

"Inategemea anayeuliza."

"Nthiwa, wa Kyuso. Mkutano wako wa saa nane ni mimi."

Kavindu alimtazama viatu, akamtazama shati. "Kwa barua pepe unaandikanga kama mzee wa miaka sitini."

"Na wewe unaandikanga kama askari."

Abdifatah alicheka peke yake, akawaletea chai ya maziwa vikombe viwili bila kuulizwa.

Ngetha, yaani mavuno kwa Kikamba, ilikuwa programu ya simu ya wakulima. Mwenye maembe Mukuyuni au mwenye ndengu Kyuso alifungua simu yake akaona lori litafika siku gani, saa ngapi, na lina nafasi ya magunia mangapi. Lakini programu yenyewe haikukaa kwenye simu. Ilikaa kwenye mashine kubwa za kukodi ambazo hakuna mtu wa huku aliyewahi kuziona. Vijana huziita klaudi, yaani wingu. Ushirika wa Makueni, wa kina Kavindu, ulikodi kwa kampuni yenye mashine Afrika Kusini. Ule wa Kitui, wa kina Nthiwa, ulikodi kwa kampuni nyingine, yenye mashine Ulaya. Vyama hivyo viwili vilipoungana, Kavindu na Nthiwa walipewa kazi ya kuifanya Ngetha iishi kote kuwili, ili upande mmoja ukilemewa mwingine ubebe.

"Ni kama mashimo ya maji," Kavindu alimweleza mama yake, Nduku, nyumbani Kilungu. "Unachimba mawili kwa mchanga wa mto. Moja likikauka, unateka kwa lile lingine."

"Na huyo wa shimo la pili ni mtoto wa nani?"

Kavindu akajifanya hakusikia.

Kila mmoja alitunza upande wake, Kavindu wa Kusini na Nthiwa wa Ulaya, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mwenzake kwa dharura. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kugusa mashine kwa mkono. Ukitaka kubadilisha kitu, unakiandika kwenye faili ya pamoja, waliyoiita daftari. Mwenzako anasoma, anakubali, ndipo mtambo unatekeleza wenyewe. Kilichoandikwa ndicho kinachokuwa. Daftari likisema mashine tatu, kila badiliko likipita mtambo utahakikisha ni tatu, hata ukikuta kumi.

Mwanzoni Nthiwa alikuwa akijibu kwenye daftari, "Nimesoma, sawa." Baada ya wiki chache akawa anajibu, "Nimesoma, sawa. Umekula?" Kavindu alisema moyoni kwamba huyu mtu hana kazi. Kisha akajikuta anaandika mabadiliko madogo madogo ambayo yangeweza kungoja.

Simu nazo zikaanza, na Nthiwa akawa anamwita mwendwa, mpenzi kwa Kikamba.

"Huko Kyuso kuna mawingu leo?"

"Ninalo moja la Ulaya. Halinyeshi."

"Langu la Kusini limetulia. Linanipenda."

"Si hilo peke yake."

"Sema tena, network imepotea."

"Haijapotea, mwendwa. Unataka tu nirudie."

"Basi rudia."

Alipopanda Kilungu kumsalimu Nduku kwa mara ya kwanza, Nthiwa alibeba kilo mbili za ndengu na hakusema maneno mengi. Nduku alikuwa na nyonga mbovu, na kila akiinuka alishika ukuta. Nthiwa aliona mara moja. Mara ya pili Nduku alipotaka kuinuka, kijana alikuwa tayari amesimama kando yake akijifanya anatazama picha ukutani, mkono karibu. Nduku aliushika mkono huo, naye hakuuliza tena swali la mtoto wa nani.

Mwezi wa pili ukafika, na maembe na ndengu vikaja pamoja. Muthoki, meneja wa ushirika, alitangaza kwamba hakuna ruhusa kwa mtu yeyote mpaka mavuno yaishe. Akatangaza pia kwamba kamati itakaa Jumatatu ya wiki iliyofuata kuchagua mkuu mmoja wa Ngetha yote. Majina yalikuwa mawili, na kila mtu aliyajua.

Barua ya hospitali ilifika wakati uleule. Nduku alikuwa amengoja upasuaji wa nyonga miaka miwili, na siku aliyopewa huko Machakos ilikuwa Jumanne. Kavindu hakumwambia Muthoki. Alimwambia Nthiwa peke yake.

"Akisikia atakataa. Nitaenda tu kimya."

"Nenda, mwendwa," Nthiwa akasema. "Mama ni mmoja."

Jumanne ikapita salama, au hivyo ndivyo Kavindu alivyodhani. Alhamisi alirudi Mukuyuni. Asubuhi hiyo aliandika badiliko dogo, salamu mpya tu ya kumkaribisha mkulima. Nthiwa akasoma, akakubali, mtambo ukatekeleza. Baada ya nusu saa Ngetha ya Kusini ilizimika. Mzigo wote ukamwagikia Ulaya, nayo siku hiyo ilikuwa imejaa watu wa ndengu kutoka Kyuso. Ikazimika pia. Kwa saa nne madereva wa malori hawakuwa na orodha. Wawili walipita Mukuyuni bila kusimama, na akina mama walibaki wamekaa juani kando ya maembe yao, wakiyafunika kwa leso zao wenyewe.

Muthoki alikuja mlangoni mwa ofisi ya Kavindu. "Ni wewe uliyebadilisha kitu leo?"

"Ni mimi."

"Basi Jumatatu ulete maelezo mbele ya kamati. Na Kavindu, sidhani watazungumza habari ya ukuu. Watazungumza kama unabaki."

Alipoondoka, Kavindu alifungua kumbukumbu za mtambo, ambazo huandika kila mguso na jina la mgusaji. Akaliona: Jumanne, saa nne na dakika arobaini. Mashine za Kusini, kutoka tatu hadi tano. Kwa mkono. Nthiwa. Badiliko lake la salamu lilipopita, mtambo ulikuta tano mahali daftari linaposema tatu, ukaondoa mbili katikati ya msongamano.

Alipiga simu hapo hapo.

"Nthiwa, Jumanne uliingia upande wangu."

"Niliingia."

"Kwa mkono."

"Kwa mkono."

"Na leo nimekupa badiliko langu usome. Umesoma ukasema sawa. Ulijua zile mbili zitaondolewa."

"Sikukumbuka. Kavindu, kosa ni langu."

"Ulisahau au ulikuwa unangojea? Jumatatu wanachagua mtu mmoja."

"Unanijua mimi."

"Nilidhani," akasema, akakata.

Nthiwa alipiga mara kumi na moja mpaka Jumamosi. Simu ililia juu ya meza, Kavindu akiitazama tu. Nduku, aliyekuwa amerudi nyumbani na magongo, aliuliza mara moja tu: "Yule wa ndengu hajambo?" Kavindu akajibu kwamba hajui.

Jumapili baada ya kanisa aliketi kivulini nje ya jikoni kuandika maelezo ya kamati. Alitaka kuonyesha kila tukio na dakika yake, kwa hiyo safari hii, kwenye kumbukumbu za mtambo, hakusoma jina tu. Alianza kabla ya jina. Saa nne na dakika thelathini na moja, Kusini ilikuwa imelemewa, mkulima mmoja kati ya watatu hapati jibu. Alikumbuka saa hiyo. Ndipo muuguzi alipokuwa akisukuma kitanda cha mama yake kupitia mlango wa chumba cha upasuaji, na yeye alikuwa amezima simu ili amshike mama mkono. Saa nne na arobaini, Nthiwa akaongeza mbili. Saa nne na arobaini na sita, kila mkulima alikuwa anapata jibu. Baada ya hapo jina la Nthiwa liliendelea kila robo saa mpaka jioni. Hakugusa kitu tena. Alikuwa akichungulia tu, kama mtu anayechungulia mtoto wa jirani aliyeachiwa.

Kavindu aliweka kalamu chini. Hasira ilipungua, lakini haikuisha. Kwa nini hakusema?

Jumatatu kamati ilikaa Mukuyuni, watu saba na Muthoki. Nthiwa alikuwa ametoka Kyuso alfajiri. Alivaa lile shati la bluu, na safari hii halikuwa limepigwa pasi. Aliomba aanze yeye.

"Niligusa mashine kwa mkono, sikuandika," akasema. "Kavindu alifuata sheria. Aliyevunja ni mimi. Jina langu la ukuu mliondoe."

Mjumbe mmoja akauliza, "Lakini kwa nini uliingia kwake? Yeye alikuwa wapi?"

Nthiwa alitazama sakafu. "Niliona mzigo, nikaingia. Hiyo tu."

Akaishia hapo, na Kavindu akaelewa kwamba ni yeye anayelindwa. Kama angenyamaza naye, angeondoka hapo akiwa safi, na labda akiwa mkuu. Alisimama.

"Sikuwa kazini Jumanne. Nilikuwa hospitali na mama yangu anapasuliwa. Sikuomba ruhusa, na nilimwambia Nthiwa peke yake. Upande wangu niliuacha bila mtu, yeye akaushika. Andikeni hivyo."

Muthoki alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kamati iliamua kwamba hakutakuwa na mkuu mpaka mavuno yajayo. Wote wawili walipewa barua za onyo, na kuanzia siku hiyo asiyekuwepo ataandikwa ubaoni, awe yeyote. Watu walipokuwa wakitoka, Muthoki alimshika Kavindu mkono. "Ungeniomba ningekukatalia, ni kweli. Na ningekosea. Mama anatembea?"

"Kwa magongo."

"Mpe salamu zangu."

Nje, Nthiwa alikuwa amesimama karibu na makreti ya maembe, hajui aende au abaki.

"Hukuniambia Jumanne," Kavindu akasema. "Hukuniambia Jumatano. Kwa nini?"

"Ulikuwa na mama. Kisha nikaona, nikikuambia, itakuwa kama nadai shukrani. Wema hauozi, walisema."

"Hauozi. Lakini ule ulionificha umeniangusha mbele ya watu. Mimi si mgeni wako, Nthiwa. Ukinifanyia kitu, niambie."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hata kama nitakasirika."

Nthiwa akakuna shingo. "Basi kuna kingine. Jumamosi wazee wa kwetu wanakuja Kilungu na mbuzi wa ntheo. Nilikuwa nimepanga ukute tu wamefika."

Kavindu alimtazama kwa muda. Kwa Mkamba, mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, msichana ana mwenyewe. "Asi. Ulitaka kunioa kwa mkono, bila kuniandika?"

"Ndiyo maana nakuambia. Usome kwanza. Ukikataa, nawasimamisha leo."

"Na hizi siku nne ambazo sikushika simu?"

"Sikuwasimamisha," Nthiwa akasema polepole. "Niliogopa, lakini sikuwasimamisha."

Kavindu alitoa simu akapiga nyumbani, akaiweka kwa sauti ya juu wote wasikie.

"Mama, Jumamosi tuna wageni."

"Wa wapi?"

"Wa Kyuso. Wanakuja na mbuzi."

Magongo ya Nduku yalisikika yakigonga sakafu. "Yule wa ndengu yuko hapo?"

"Yuko, mama, anasikia," Nthiwa akasema, akikanyaga maneno yake mwenyewe, kisha akamwamkia mama kwa Kikamba. "Wakya, mwaitu. Yaani, mimi nasikia."

"Aa. Mbuzi wangapi?"

"Watatu, mwaitu."

"Uwachague vizuri wewe mwenyewe. Asije mmoja anachechemea. Katika boma hili, anayechechemea ni mimi peke yangu."

Kavindu alicheka mpaka akaegemea kreti, na Nthiwa akamshika kiwiko asianguke.

"Wazee wanakuja wangapi?" Kavindu akamuuliza. "Mama ataanza kupima maharagwe leo."

"Saba."

"Hakika?"

Nthiwa akahesabu tena kwa vidole, kwa sauti, jina kwa jina, ili Kavindu awasikie wote.