Shukrani Iliyosubiri Ng'ombe

Nina miaka ishirini na tisa, ni mke na mama wa mtoto mmoja, naishi Malangali hapa Sumbawanga. Wasomaji wenzangu, wapo watakaosema nalilia jambo dogo. Laiti lingekuwa dogo!

Niliolewa, nikakaa miaka sita bila kushika mimba. Sita! Wifi yangu alikuwa akinikuta bombani, ananitania mbele za watu: "Wifi, mbeleko za wenzio zimechakaa, yako bado inanukia duka!" Wanawake wanacheka. Nami nacheka nao, kisha naenda kulia jikoni nikisingizia moshi.

Aliyesimama nami ni mama mkwe. Mngetarajia yeye ndiye anifukuze, sivyo? Lakini alitoka kwake Mwimbi akaja kukaa nasi, na kila jioni tulipiga magoti juu ya mkeka tukasali rozari. Magoti yake yalivimba kwa baridi, ila kiti alikikataa. Alimwahidi Mungu nikisikia: mtoto akija, yeye mwenyewe atambeba hadi altareni siku ya shukrani, nami nitamfuata na debe la ulezi alioulima kwa mikono yake.

Mungu akasikia! Nikajifungua mtoto wa kiume. Bibi yake akamwita Shukuru, akapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Nilipotoka tu uzazi, mama mkwe alikuwa ameshapepeta ulezi. "Jumapili hii twende, mwanangu." Mume wangu akakataa. Alisema mtoto aliyesubiriwa namna hii hashukuriwi kwa debe la ulezi, watu wa jumuiya watatucheka. Tungoje mavuno ya mahindi, tutoe ng'ombe, tushone sare, tufunge maturubai watu wale washibe.

"Kwani Mungu ana bucha?" mama akauliza.

Tulicheka sana... Nami, niliyepiga naye magoti, nikamwambia, "Mama, vumilia kidogo, tufanye jambo la heshima." Kusema kweli nilitaka wifi aone. Nilitaka bomba zima lione!

Mahindi ya mwaka ule hayakutosha, tukasogeza. Fundi akachelewesha sare, tukasogeza tena. Shukuru akakaa, akatambaa, akasimama... Kila Jumapili mama aliwatazama wenzake wakicheza na vikapu vyao kuelekea altareni, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenigombeza!

Hatimaye siku ikapangwa. Ng'ombe amefungwa uani, sare zimekunjwa kitandani. Wiki ile upepo wa kipupwe ukavuma vikali, mama akabanwa na kifua. Hospitali walijitahidi. Alhamisi jioni aliniomba nimsogezee Shukuru. Akajaribu kumnyanyua, mikono ikagoma.

"Nimeshindwa kumfikisha," akanong'ona.

Ijumaa asubuhi hakuamka.

Jamani! Maturubai yalifungwa kama tulivyopanga, ila yakawa ya msiba. Ng'ombe akachinjwa, wakala waombolezaji. Zile sare za kitenge cha njano, rangi ya furaha, tulizivaa makaburini. Wifi yangu akaniangukia begani akilia kama mtoto, wala sikuwa na kitu tena cha kumwonyesha.

Jumapili iliyofuata nilimbeba mwanangu hadi altareni. Mume wangu alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa, hakuweza hata kusimama. Padre akamwekea mtoto mkono kichwani. Nikafungua kinywa niseme asante, Mungu wangu... Kilichotoka ni kilio. Ningemshukuruje kwa neema niliyoombewa na mtu ambaye nilimnyima nafasi ya kushukuru?

Sasa nasali kila jioni. Nashukuru kwa uji, kwa mvua, kwa mtoto kukohoa kidogo na kupona. Nashukuru papo hapo, hata nikiwa na jembe mkononi. Lakini mkekani upande mmoja uko wazi, na moyo wangu haujazoea.

Ewe unayesoma, kama umepona, umezaa au umefaulu, nakusihi usingoje shukrani yako inenepe. Nenda na ulicho nacho, hata mikono mitupu. Na yule aliyekuombea ulipokuwa unachekwa, mshike mkono mwende naye angali anaweza kutembea.

Mungu angetungoja. Mama hakuweza.