Blanketi Chini ya Daraja

Vidole vya Mama Povu vilikuwa vimekunjamana siku zote, hata siku ambayo hakufua. Alikuwa dobi. Jina la Povu alipewa na majirani, naye akalikubali, maana hakukuwa na namna ya kulikataa ukiwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Kila asubuhi alipanga mabeseni yake kando ya mtaro mkubwa uliopita nyuma ya nyumba, akainama, akafua mpaka kiuno kikaomba msamaha.

Mtaro ule ulikuwa mpana, wenye kuta za zege. Siku za jua ulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu tu. Siku za mvua kubwa hakuna aliyeusogelea.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha Mama Povu na mumewe, na humo ndimo ilimokuwa meza ya kupigia pasi. Mume alikuwa mlinzi wa ghala. Usiku alikuwa kazini, mchana alilala kama gogo. Chumba cha nyuma, kilichopakana na mtaro, kilikuwa cha mama mkwe. Yeye alipata kiharusi mwaka uliopita, na tangu hapo hakuweza kusimama bila kushikwa.

"Miguu imestaafu," alikuwa akisema, "ila mdomo bado uko kazini."

Siku moja mafundi wa jiji walikuja na ngazi. Walifunga chombo cheupe chini ya daraja la waenda kwa miguu, hatua chache kutoka kwenye mabeseni ya Mama Povu. Kilikuwa kama bakuli lililofunikwa, kinatazama chini mtaroni. Juu ya nguzo wakaweka king'ora na bamba jeusi la umeme wa jua. Wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika namba za simu. Walisema maneno mengi kuhusu maji na jiji la kisasa, lakini walisema mbiombio, na walipoondoka watu walikuwa wameelewa robo tu. Robo tatu zilizobaki wakazifunika kwa jina. Jioni hiyohiyo mtaa mzima ulikuwa ukikiita chombo kile Jicho.

Aliyelitunga jina hilo ni kinyozi. Kibanda chake kilitazamana na mlango wa Mama Povu. Alikuwa rafiki wa mumewe, na alimwita shemeji. Mtu mwema, lakini habari zake ulitakiwa uzichuje kabla ya kuzimeza.

"Shemeji, ile ni kamera," alimwambia. "Inapiga picha nyumba zote zilizo karibu na mtaro. Wakimaliza kupiga picha, wanakuja kuchora alama ya X."

Mama Povu akaacha kusuuza. X aliijua. Mtaa aliokulia, waliamka asubuhi wakakuta X ya rangi nyekundu kwenye kila ukuta, na siku chache baadaye likaja tingatinga. Alimwona mama yake akichambua kifusi akitafuta sufuria. Wakati ule walibeba vitu vyao kichwani wakaenda. Safari hii kulikuwa na mgonjwa asiyeweza kutembea. Wangempeleka wapi?

Tangu hapo amani ikamtoka. Akiinama kufua alihisi anatazamwa mgongoni. Akiinuka alihisi anahesabiwa. Mumewe alimwambia aachane na porojo za kibandani, kisha akageukia ukutani akalala.

Mwisho Mama Povu akapata wazo. Alikuwa na blanketi zito la mteja, la rangi, ambalo halifai kuanikwa juani kwa sababu hupauka. Akafunga kamba mbili chini ya daraja, toka nguzo hadi nguzo, akalitandaza juu yake kama dari, karibu kabisa na Jicho. Mtu yeyote angeuliza, angejibu kwamba anakausha kivulini. Moyoni alijiambia kwamba sasa halioni kitu.

Hakuwa amefika hata mlangoni, king'ora kikalia.

Kilikuwa na sauti ya kupasua masikio. Simu za mtaa mzima zikaita kwa pamoja: maji yamejaa mtaroni, hamieni sehemu ya juu. Watu wakatoka mbio na magodoro, na sufuria, na watoto mgongoni. Kinyozi alibeba kioo chake kikubwa, akajikwaa, kioo kikawa vipande. Mume wa Mama Povu aliruka kitandani akamchukua mama yake mgongoni huku suruali ameivaa nyuma mbele. Walipochungulia mtaroni, kijito kilikuwa palepale, chini ya kifundo cha mguu.

Siku nyingine blanketi likaanikwa, king'ora kikalia tena. Watu walitoka nusu. Mara ya tatu hawakutoka kabisa. Kinyozi, aliyekuwa bado anakililia kioo chake, alipita kuwaonyesha watu namna ya kuifungia ile namba ili ujumbe wake usiingie kwenye simu. Alifanya kazi hiyo kwa bidii sana.

Mama Povu hakuwa mjinga. Baada ya mara ya tatu alianza kuhisi kuna jambo kati ya blanketi na king'ora. Aliogopa kuliwaza mpaka mwisho.

Alikuwa hajalianua blanketi la mara ya tatu fundi wa jiji alipokuja peke yake, mchana wa jua kali. Alikuwa mwanamke mwenye buti zilizojaa tope na mkoba begani. Akasimama darajani, akachungulia chini, akaliona blanketi.

"Mama, hili ni la nani?"

Mama Povu alishajiona ndani ya gari la polisi. Hakuweza kudanganya, maana vibanio vilivyolishika blanketi vilifanana na vile vilivyokuwa kwenye aproni yake. Akasema kila kitu: kamera, X, tingatinga, mgonjwa wa chumba cha nyuma.

Fundi hakumkaripia. Aliliondoa blanketi taratibu, akalikunja, akamrudishia.

"Hii siyo kamera, mama. Haina picha ya mtu yeyote. Sisi tunaiita kihisi. Inatoa sauti ndogo ambayo wewe huisikii. Sauti inashuka, inagonga maji, inarudi. Ikichelewa kurudi, maji yako mbali, chini kabisa. Ikirudi upesi, maji yamepanda. Wewe umeweka blanketi karibu yake. Sauti imegonga blanketi, ikarudi upesi. Kihisi kikadhani ni maji."

Mama Povu alimtazama kwa mashaka. Fundi akatoa simu, akamwonyesha. Hapakuwa na nyumba wala uso wa mtu. Palikuwa na namba moja tu, ya kimo cha maji.

"Ingiza mkono chini yake," akasema fundi.

Mama Povu akainama darajani, akanyoosha mkono uliokunjamana. Namba ikaruka. Akauondoa, namba ikashuka. Akarudia, na akarudia tena, mpaka fundi akacheka.

"Na hizo X?" aliuliza Mama Povu.

"Mambo ya kubomoa siyajui, siwezi kukudanganya. Kazi yangu ni maji. Lakini hapa hakuna kinachowapiga picha."

Kisha fundi akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akamweleza yaliyobaki. Vihisi kama hicho viko vingi, toka huko milimani mpaka hapa. Vyote vinapeleka habari ofisini muda wote. Ndiyo maana walijua kuna tatizo: vya juu vilisema mtaro mkavu, hiki peke yake kikasema umejaa. Mvua ikinyesha milimani, maji huchukua muda kidogo kufika mjini. Vihisi vya juu huyaona kwanza, na watu wa bondeni hupata nafasi ya kuondoka hata kama kwao kuna jua.

Alimpa na mawaidha. Simu iachwe wazi, isizimwe sauti. Familia iamue mapema nani atambeba mgonjwa na kwa njia ipi mpaka ukumbi wa mtaa, kule juu. Umeme uzimwe kabla maji hayajaingia. Taka zisitupwe mtaroni, maana zikiziba, maji hutafuta njia milangoni. Na mtu asijaribu kuvuka maji yanayokwenda kasi, hata akiyaona mafupi.

"Waambie na majirani," alisema fundi akiondoka. "Nasikia wameifungia namba. Hilo linanitisha kuliko blanketi."

Mama Povu alisema ndiyo. Hakuwaambia. Alimwambia mumewe habari za kihisi, wakapanga njia, wakaifungua namba kwenye simu zao. Lakini kwa majirani ulimi ulimganda. Atasimamaje mbele ya kinyozi na kumwambia kwamba kioo chake kilivunjika kwa sababu ya blanketi lake? Kila siku alijiambia kesho. Na kila siku hofu ilizidi, kwa sababu sasa alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: kama maji yangekuja kweli, king'ora kingelia na hakuna ambaye angeinuka.

Yalikuja alasiri. Juu ya mtaa jua lilikuwa linawaka, nguo zilikuwa zimekauka kambani. Mbali sana, juu ya milima, palikuwa na weusi. Mama Povu alikuwa anapiga pasi shati la mteja simu ilipoita. Ujumbe ulisema maji mengi yameshuka toka milimani na yatafika mtaani muda si mrefu, watu wahamie juu. Kabla hajamaliza kusoma, king'ora kikaanza.

Alikimbilia dirisha la nyuma, akatazama chini ya daraja. Hapakuwa na blanketi. Hapakuwa na kitu.

Alizima pasi, akazima umeme wote, akamtikisa mumewe. Mlinzi aliamka, akasikia king'ora, hakuuliza. Akaenda kumpakia mama yake mgongoni kama walivyopanga. Mama Povu akaanza kuwafuata na blanketi la mgonjwa, lakini mlangoni mama mkwe akamshika mkono.

"Dirisha langu liko mtaroni," alisema. "Siku ile na yule fundi nilisikia yote. Nenda kawaambie. Mimi nina mgongo wa mwanangu."

Mama Povu akatoka nje. Mtaa ulikuwa umetulia kana kwamba hakuna kinacholia. Kibandani kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Nyuma ya pazia binti yake mdogo alikuwa amelala.

"Shemeji, tokeni. Maji yanakuja."

"Hilo Jicho lako limezoea uongo," alijibu kinyozi, mashine ikiendelea kunguruma. "Tazama jua."

"Halijawahi kusema uongo." Sauti ya Mama Povu ilikuwa inakatika. "Mimi ndiye niliyelidanganya. Niliogopa X, nikatandaza blanketi chini yake, likadhani ni maji. Mara zote tatu ni mimi. Kioo chako nimekivunja mimi. Leo hakuna blanketi, shemeji. Nenda katazame."

Kinyozi akamtazama usoni. Uso ule haukuwa wa mtu anayetania. Akazima mashine, na hapo, king'ora kilipovuta pumzi, wote watatu walisikia mngurumo upande wa juu wa mtaro, kama lori linalomwaga kokoto bila kumaliza. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na binti begani.

Walikwenda mlango kwa mlango, yeye upande huu, Mama Povu upande ule, na mteja wa nusu kichwa katikati akipiga kelele kuliko wote. Kila mlango Mama Povu aliyarudia maneno yaleyale: ni mimi, lilikuwa blanketi langu, leo ni kweli. Wengine walimtukana huku wakivaa viatu. Walivaa hata hivyo. Alipoanza kupanda, wa mwisho kabisa, maji ya kahawia yalikuwa yameshapita ukingo na yalikuwa yanamlamba visigino. Alipanda kilima akilia bila kujua kwamba analia.

Toka ukumbini waliona daraja likimezwa. Mabeseni yalikwenda. Kibanda cha kinyozi kilizunguka mara moja, kikaenda nacho. Chumba cha mama mkwe kilijaa mpaka dirishani. Watu walihesabiana, wakahesabiana tena. Walikuwa wamekamilika.

Mama Povu alikaa pembeni akingoja matusi. Kinyozi alimjia akiwa bado amembeba binti yake. Akamnyooshea simu.

"Nifungulie ile namba, shemeji," alisema. "Kuifunga najua. Kuifungua sijui."

Wengine wakafuata, wakapanga foleni.

Maji yalipokauka fundi alirudi, na safari hii hakuwa na haraka. Aliwakusanya wote, akaeleza polepole, kila mtu akaingiza mkono chini ya kihisi akaona namba ikiruka. Wakachagua watu wa kukitunza na kupiga simu ofisini kikiharibika. Wakazibua mtaro. Mama mkwe alihamishiwa chumba cha mbele.

Mvua zilizofuata, king'ora kililia. Mtaa mzima ulipanda. Maji yalifika ukingoni, yakasimama, yakarudi bila kugusa kizingiti cha mtu. Walipokuwa wanashuka, mlinzi alikuwa anahema, mama yake mgongoni.

"Umenipandisha bure leo," alisema mama mkwe. "Nipandishe bure kila siku, mwanangu."