Namba ya Mwanangu

Sanduku la negativu za picha halikuwepo. Lilikaa chini ya meza ya studio ile tangu Inspekta alipokuwa mtoto, akiletwa kupigwa picha ya shule kwa soksi za kuazima. Leo ilibaki alama ya mstatili kwenye vumbi. Moyo ulimuuma, ingawa alikuwa kazini.

"Nani amelichukua, mama?"

"Dereva wa kukodi." Mjane wa mpigapicha alimpa simu. "Mwanangu ndiye aliyeagiza. Namba yake hiyo, na jina lake."

Kulikuwa na simu mbili zisizopokelewa, kisha ujumbe: *Mpe dereva sanduku.*

Mwanawe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka mbali, alisimama mlangoni. "Haki ya Mungu, sijatuma!"

"Mwongo! Usiniite mama tena!"

Inspekta alimpeleka kijana kituoni, akaomba rekodi za kampuni ya simu. Majibu yalikuja kesho yake: simu na ujumbe vilitoka kwenye kompyuta, vikavalishwa namba ya kijana. Kumbe siku hizi mtu anaweza kukupigia kwa jina la umpendaye! Akamrudisha kijana studio.

"Mama, hukushuku hata kidogo?" Inspekta aliuliza.

"Nishuku nini? Alibipu mara mbili kwanza, simu ikalia na kukatika, kama zamani. Ndiyo ilikuwa alama yetu, enzi za vocha za kukwangua. Nilifurahi, we acha tu."

"Mama," kijana alisema taratibu, "si niliacha kubipu miaka kumi iliyopita?"

Inspekta akashtuka. Aliyebipu alimjua kijana wa zamani, si huyu wa leo.

"Enzi hizo nani mwingine aliishi humu?"

"Msaidizi wa chumba cha giza tu, aliyesafisha picha. Nilimlea kama wangu."

Walimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, sanduku miguuni, akiinua negativu moja kwenye taa. Hakukimbia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, afande. Picha pekee ya marehemu mama yangu imo humu. Nimeomba mara tatu. Kila mara mama mwenye studio ananiambia sanduku halifunguliwi mpaka mwanawe arudi nyumbani." Akajifuta uso. "Basi nikamrudisha."

Sanduku liliporejeshwa, mjane alikaa nalo, hathubutu kumtazama mwanawe. Simu yake ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Jina lilikuwa lilelile. Aliitazama kwa hofu, hakuigusa.

"Ni mimi, mama," alisema kijana kutoka mlangoni, simu mkononi.

Mjane akaangua kilio.