Soda ya Dalali

Dalali alijua pesa zote walizokuwa nazo kabla hawajakubaliana chochote.

Walikuwa wamesimama sebuleni mwa nyumba inayouzwa: baba, mama na binti yao wa miaka kumi na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kwenye geti palikuwa na kibao kilichoandikwa, "Nyumba inauzwa. Bei maelewano." Baba alizungusha macho ukutani, akasema, "Milioni kumi na tano."

Dalali alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Fundi, usinichoshe! Una kumi na tisa benki. Lete hizo kumi na tisa, ufunguo huu hapa."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na kwa maneno hakuwa mnyonge. Siku hiyo aliaga tu, akaelekea mlangoni. Habari ya kumi na tisa, za nyumba na za cherehani mpya ya mama ya kushonea, waliizungumza mezani kwao, mlango umefungwa. Mama alimgeukia Kasuku. Kasuku akatazama ncha za viatu vyake.

Walipotoka nje tu, mama akauliza, "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Dalali alikuwa amemkuta dukani akitoka shule. Alimnunulia soda baridi, akamwita "binti yangu", akamuuliza kama ni kweli wanataka kuhama. Kisha akasema kama anayetania, "Lakini baba yako ataweza kweli? Mafundi mageti wana kutu tu mfukoni."

"Nikaona anamdharau baba," Kasuku alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikamwambia anazo! Milioni kumi na tisa!"

Mama alisimama katikati ya njia. "Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamvizia mtoto kwa soda! Hana haya! Hana hata chembe!" Aliyasema hayo mpaka nyumbani, na hakukosea. Anayechokonoa siri za familia kupitia kinywa cha mtoto ni mwizi, hata kama hakuvunja mlango.

"Lakini mama," Kasuku alisema kwa sauti ndogo, "wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme uongo."

Maneno hayo yakamwongezea mama hasira.

Baba alikaa kitini kama gunia lililomwagika. "Basi tumpe hizo kumi na tisa. Ameshajua, tutafanyaje?"

"Ala! Mume wangu, tunanunua nyumba au tunanunua mfuko wako? Ukienda kununua viatu na mshahara wote, muuza viatu akijua ndiyo vinakuwa vizuri zaidi? Bei inatoka kwenye nyumba. Twende tukaiulize nyumba."

Walingoja mvua. Ilipoanza kunyesha wakarudi na kumwomba dalali awafungulie, naye akafungua huku akitabasamu, akidhani wameleta pesa. Baba aliingia chumba cha nyuma akakuta maji yanadondoka kutoka darini. Mama alibonyeza ukuta kwa kidole, plasta ikabomoka.

"Na wewe," mama alimwambia Kasuku, "leo ulimi wako ufanye kazi halali. Nenda kwa majirani. Uliza, usijibu."

Kasuku alirudi amelowa na habari tele. Shimo la choo lilikuwa limejaa. Nyumba ya pili kutoka pale, iliyojengwa na fundi yuleyule na yenye paa, kuta na choo vizima, iliuzwa milioni kumi na nane. Mwenye nyumba hii alikuwa muuguzi mstaafu aliyekaa kwa mwanawe, nyuma ya soko.

Baba alipiga hesabu: bati milioni moja, choo na kuta milioni mbili. "Kumi na nane toa tatu," alisema. "Kumi na tano. Mara ya kwanza nilikisia. Sasa nina sababu."

Dalali akakunja uso. "Kuna mteja mwingine. Anakuja kesho na ishirini."

"Na aje," mama alisema. "Sisi tunakwenda kwa mwenye nyumba."

Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mteja gani huyo? Tangu mwaka jana hajaja mtu ila ninyi." Alipoambiwa habari ya soda alipiga meza. "Kwa mtoto? Huyo nitamfunza adabu mimi!" Kisha akashusha pumzi. "Ila sitawaficha. Juzi juzi tu ningechukua kumi na tano na kushukuru. Dalali akaniambia mna kumi na tisa, nami nikaanza kuzitumia kichwani. Siwezi tena kushuka mpaka huko."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana milioni kumi na saba.

Kabla hawajaondoka, muuguzi alimshika Kasuku bega. "Mjukuu wangu, hospitali watu waliniuliza kila siku, fulani anaumwa nini? Sikumdanganya hata mmoja. Nilijibu, 'Kamuulize mwenyewe.' Huo si uongo. Kweli ya nyumbani kwenu ni mali ya wenye nyumba, si yako kugawa. Na mtu akikuchokoza kwa kumtukana baba yako, jua kuna kitu anakitafuta."

"Nimeelewa, bibi."

Walihamia mwisho wa mwezi. Baada ya kulipa zilibaki milioni mbili, zikaishia kwenye choo na kuta. Milioni ya bati haikuwepo, kwa hiyo mvua ikinyesha Kasuku, mwenye chumba cha nyuma, hutega ndoo mbili sakafuni na beseni moja juu ya kitanda. Milioni ya cherehani mpya ya mama haikuwepo pia, na mama bado anashona sare za watu kwa ile kuukuu inayokata uzi. Bati milioni moja, cherehani milioni moja: mbili kamili, kwa soda ambayo Kasuku aliinywa nusu.