Sambusa Katika Jokofu la Kingamwili

"Watumishi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kuhifadhi sambusa katika jokofu la sampuli." Mzee Albano, mkuu wa maabara ya Goba, alilisoma tangazo hilo akiwa wima, kama asomaye hukumu.

Apolonia, mtafiti wa maabara hiyo, hakucheka. Kwa wiki tatu kingamwili zake, protini za kinga alizozichunguza kwa darubini, zilikuwa zimekataa kujipanga. Juu ya utando safi wa lipidi, mafuta maalumu ya maabara, kingamwili husimama sita sita kwa duara, kama watu waliozunguka sinia la pilau. Zake zilirundikana kama nzi juu ya kidonda.

Aliyekuwa akiitandaza lipidi hiyo juu ya maji ya bakuli ni Rogers, mchumba wake. Jumapili iliyofuata ndoa yao ingetangazwa kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho.

"Rogers, unavaa glavu?"

"Navaa, mpenzi. Kwani mie mgeni hapa?"

"Utando umeingia mafuta ya kupikia."

"Labda lipidi yenyewe mbovu. Sambusa ni za mama, na nilikula mbili tu."

Apolonia akampigia simu mama yake Rogers huko Ukonga, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maandalizi yanaendaje?"

"Salama. Nashukuru kwa sambusa."

"Sambusa zipi? Mie daktari kanikataza mafuta. Na huyo Rogers tangu Pasaka hajakanyaga hapa."

Simu ya Rogers ikawaka mezani, na Apolonia akausoma ujumbe bila kuigusa:

"Bebi, leo nimejaza nyama. Nije nikulishe humohumo maabara kama juzi? Najma."

"Alikulishia hapa, juu ya bakuli langu?"

"Vidole nilivilamba vyote. Havikuwa na mafuta."

"Ukavilamba, kisha ukashika utando."

"Glavu nilisahau mara moja tu."

"Mara moja ya wiki tatu."

Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyomvisha pete. Akaivua pete kwa kibanio cha sampuli, akaidondosha katika ndoo ya taka hatarishi.

"Apolonia, tuongee kama watu wazima."

"Nitaongea na padri. Jumapili asitangaze kitu."

Alasiri kikao kiliitwa. Mzee Albano akasimama tena na karatasi yake.

"Kikao kimeazimia kwa kauli moja: jokofu lihamishiwe koridoni. Bwana Rogers ataendelea kutandaza lipidi."