Kipande cha Mkebe Kwenye Gurudumu

Majirani zangu, nyumba ile ilikuwa na amani na sote tuliiona. Kila asubuhi mke alifuta vioo vya vani yake kuukuu huku akiimba, kisha akawapeleka shuleni watoto wetu kumi na wawili. Mumewe, fundi tuliyemwita Jicho Mizani kwa kuwa hakupima kitu ila kwa jicho, asubuhi hiyo alikuwa akifunga beringi mpya, zile pete za chuma zinazozungushia magurudumu ya mbele. Binti yao, mhitimu wa chuo cha ufundi, alichuchumaa kando yake na kipimo cha milimita mkononi.

"Baba, ya kushoto inacheza."

"Spindo imelika. Gari limezeeka, ulitaka libaki na unene wa ujana?"

Spindo ni ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu. Fundi alikata kipande cha mkebe wa maziwa, akakizungushia spindo mara nne, akapachika beringi juu yake. Ikabana, naye akatabasamu.

"Baba, chuma kikilika hulika zaidi upande wa chini. Hiki ni chembamba pande zote. Vani hizi za zamani, kiwanda kilianza na spindo nyembamba, baadaye kikatengeneza nene. Labda yetu iliwahi kuwekewa nene upande mmoja tu. Tupime."

"Mimi nafunga beringi tangu mama yako hajakuzaa. Weka hicho kidude chako."

Jamani, ujuaji ni ugonjwa usio na homa, mgonjwa hujiona mzima. Binti aliacha kipimo juu ya benchi, akapanda gari.

"Mama, leo nakusindikiza," alisema. "Redio usiwashe."

Walipoondoka, fundi alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Alichukua kipimo kama mwizi, akaopoa beringi mbili za zamani alizozifungua asubuhi hiyo kutoka kwenye karai la mafuta ya taa. Tundu la beringi ya kulia, milimita thelathini na nne. La kushoto, thelathini na mbili. Akapima tena, na tena.

Spindo haikuwa imelika hata kidogo. Spindo zile mbili zilikuwa za miundo tofauti, naye amezivika beringi za aina moja. Sasa mkewe, mtoto wake wa pekee na watoto wetu wote walikuwa wameshikiliwa na mkebe wa maziwa.

Alipiga simu. Ya mkewe ilikuwa imezimwa, kwa sababu yeye mwenyewe alimwagiza aizime kila akishika usukani, na ya binti iliita palepale juu ya benchi. Palikuwa na baiskeli ya mteja ukutani. Aliirukia, kipimo mfukoni, akakanyaga pedali mpaka kandambili moja ikabaki barabarani. Mbele kulikuwa na mteremko mkali unaoishia darajani, na alipofika ukingoni mwake ndipo alipokumbuka kwamba baiskeli ile ililetwa kutengenezwa breki.

Akaiona vani, imeegeshwa pembeni, pale pale mteremko unapoanzia. "Msiondoke!" alipiga kelele, akawapita kwa kasi ya upepo, watoto wakimshangilia, akaishia ndani ya ua wa michongoma.

Alipanda kurudi juu akichechemea. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshafunguliwa. Grisi ilifuka moshi, na mkebe ulikuwa umesagika vipande vipande.

"Mwanao ndiye aliyesikia linasaga," mkewe alisema. "Mimi nilitaka niendelee, mume wangu. Niliona tumekaribia kufika."

Fundi aliutazama mteremko, akawahesabu watoto mmoja mmoja, akalia mbele yao bila kujificha. Kisha akatoa kipimo na kumkabidhi binti yake kwa mikono miwili.

"Thelathini na mbili," alisema. "Nimepima, mwanangu. Ila nilisubiri mwondoke kwanza."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilikuachia."

FUNZO

Ndugu zangu, uzoefu ni mali, lakini hauoni kilichobadilika ndani ya kitu chenye sura ileile. Kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa ni mwanao uliyemlea. Yule fundi hakukosa kipimo wala mshauri, vyote vilikuwa nyumbani kwake. Aliona haya kwa dakika tano tu, na dakika hizo tano zilitosha gari kufika kwenye mteremko. Ukiwa na la kupima, lipime watu wako wakiwa bado wamesimama mlangoni.